Uzi: Kuna friji baridi kuliko anga za juu, na ndani yake wanangoja kitu ambacho huenda hakipo

FundiBaridi (Kondele, Kisumu)
Wadau, habari za jioni. Kazi yangu ni friji: za bucha, za maziwa, na vyumba vya baridi vya wauza samaki. Mteja wangu akitaka baridi kali sana anataka nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo kompresa inalia usiku kucha.

Sasa kuna friji moja Kanada, karibu na mji wa Sudbury, kilomita mbili chini ya ardhi ndani ya mgodi wa nikeli ambao bado unachimbwa. Maabara inaitwa SNOLAB, jaribio linaitwa SuperCDMS. Friji hiyo imeundwa kushuka hadi milikelvini 15. Kwa wasiopatana na kelvini: ngazi ya baridi inaishia nyuzi 273.15 chini ya sifuri, hakuna cha kushuka zaidi, na kelvini ni nyuzi zilezile zikihesabiwa kuanzia hapo. Friji hii inabakiza sehemu 15 tu za elfu moja za nyuzi moja kugusa mwisho huo. Anga tupu kati ya galaksi, mbali na nyota zote, ina kelvini 2.7. Yaani ukilinganisha na hiyo friji, huko angani ni jiko.

Kinachopozwa ni fuwele 24, nyingi za gerimaniamu na nyingine za silikoni. Kila moja ni duara la sentimita 10, unene sentimita tatu na kidogo. Ya gerimaniamu ina kilo 1.4. Kazi yake ni kukaa kimya hadi chembe ya maada giza igonge kiini cha atomi mojawapo.

Wengi wakisimulia haya wanasifu baridi. Mimi fundi nasema baridi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Pagumu ni pale fuwele inapolia, ujue ni nani amegonga. Karibuni.

KijanaWaSection58 (Nakuru)
Fundi kabla hatujafika mbali, hiyo maada giza ni kitu gani? Wengine fizikia tuliiacha kidato cha pili na hatukuiaga.

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)
Kijana, ni jina la deni. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi linaloitwa Coma, akakuta zinakimbia mno. Uzito unaoonekana haukutosha kuzishika pamoja, zilipaswa kutawanyika. Miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakapima jinsi nyota zinavyozunguka katika galaksi ya Andromeda. Tulitegemea nyota za pembeni ziende polepole, kama vile sayari za mbali zinavyozunguka Jua polepole kuliko za karibu. Haikuwa hivyo. Za pembeni zinakwenda karibu sawa na za ndani. Kuna uzito pale usiotoa mwanga.

Setilaiti ya Planck ilipima mwanga wa kale wa ulimwengu, na hesabu ikatoka hivi: vitu vya kawaida, yaani mimi, wewe, Menengai na nyota zote, ni kama asilimia 5. Maada giza ni karibu 27. Iliyobaki ni nishati giza, ambayo ni uzi mwingine.

MkulimaMolo
Mwalimu kwa heshima, hapo mimi naona hesabu imekataa, mkaweka kitu kisichoonekana ili ikubali. Mtoto wangu akifanya hivyo kwenye mtihani anapewa sifuri.

Mwalimu_Lurambi
Hoja yako ni halali na wapo wanafizikia waliojaribu njia hiyo: badala ya kuongeza uzito, wakabadilisha kanuni ya mvutano. Kwa galaksi moja moja inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyokiri. Inakwama kwenye makundi makubwa ya galaksi, na kwenye ule mwanga wa kale. Pia yapo makundi mawili yaliyopasuana kwa kugongana, yanaitwa Bullet Cluster. Gesi ya moto, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya vitu vya kawaida pale, ilikwama katikati. Uzito wenyewe, ukipimwa kwa jinsi unavyopinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma, umepita mbele na kuiacha gesi. Kanuni mpya ya mvutano inapata taabu sana kueleza hilo.

Halafu kitu kisichoonekana si lazima kiwe hadithi. Nyutrino, chembe isiyo na chaji inayopenya karibu kila kitu, ilikaa kwenye karatasi kuanzia 1930, ikapatikana 1956.

Nyar_Dunga (Kisumu)
Nasoma fizikia mwaka wa tatu, naomba nichangie kwa hesabu. Maada giza hapa jirani na Jua inakadiriwa kuwa na uzito kama wa protoni 0.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Tukichukulia kila chembe ina uzito wa protoni 100, hizo ni chembe tatu hivi ndani ya chupa ya lita moja. Zinaonekana chache. Lakini Jua linatubeba kuzunguka galaksi kwa kasi ya takriban kilomita 220 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita moja ya mraba ya ngozi yako inapitwa na makumi ya maelfu kila sekunde. Karibu zote zinapita tu. Kugonga ndiko kugumu kupata.

Fundi, nami nina swali. Kwa nini baridi? Chembe nyingine zinakamatwa kwenye vyombo vya joto la kawaida na hakuna anayelalamika.

FundiBaridi
Binti, hesabu hiyo unaiweza kunishinda. Tafuta joto linalohitajika kupandisha gerimaniamu kilo 1.4 kwa nyuzi moja, kwanza hapa Kisumu, halafu kwenye milikelvini 15. Utuletee.

Nyar_Dunga
Nimeipiga. Hapa kwetu zinahitajika jouli 450 hivi. Kwenye baridi ile, uwezo wa fuwele kumeza joto unashuka kwa mchemraba wa halijoto, kwa hiyo napata chini ya sehemu tatu za bilioni za jouli. Tofauti ni karibu mara bilioni 200! Mgongano wa elektroni-volti 10,000 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati ya chembe), ambao ni kitu kidogo mno, ungepandisha fuwele baridi kama sehemu 0.7 ya milioni ya nyuzi. Hapa Kisumu mgongano uleule ungezama kwenye mtetemo wa atomi na hakuna kipimo duniani kingeuona.

FundiBaridi
Hiyo ndiyo yenyewe. Ila ongeza jambo moja: hawa wa SuperCDMS hawasubiri fuwele nzima ipate joto. Kiini kikigongwa kinatoa mitetemo midogo, fononi, inayosambaa ndani ya fuwele. Juu ya uso wa fuwele wamepaka vipande vya alumini vinavyodaka fononi kabla hazijatulia, na kupeleka nishati kwenye utepe mwembamba wa tungsteni. Ile tungsteni imeshikiliwa pale hasa inapohama kutoka hali ya kupitisha umeme bila ukinzani kwenda hali ya kawaida. Ni mtungi uliosimamishwa ukingoni mwa meza. Joto kidogo tu, ukinzani unaruka, na mkondo wa umeme unabadilika kiasi cha kupimika.

Na friji yenyewe wacha niwape, maana hapo ndipo nilikosa usingizi. Kwenye hatua ya mwisho ya baridi hakuna kompresa wala gesi tunazojaza sisi. Kuna heliamu za aina mbili, heliamu-4 ya kawaida na heliamu-3 iliyo adimu. Ukizichanganya na kuzipoza chini ya kelvini 0.87 zinajitenga zenyewe: juu inaelea heliamu-3 karibu tupu, chini inakaa heliamu-4 iliyoshika heliamu-3 kidogo. Kidogo hicho, kama asilimia 6.6, hakitoki hata ukikaribia sifuri kamili. Sasa ukivuta heliamu-3 kutoka kwenye tabaka la chini kwa pampu, ile ya juu inalazimika kuvuka mpaka na kushuka kujaza pengo. Kuvuka huko kunakula joto. Yaani ni uvukizaji uleule wa friji yako ya nyumbani, ila hapa kimiminiko kinavukizwa ndani ya kimiminiko! Heliamu-3 iliyovutwa inazungushwa, inapozwa, inarudi juu, na mchezo unaendelea miezi na miezi bila kusimama. Wazo lilitolewa na Heinz London mapema miaka ya 1950, na chombo cha kwanza kikafanya kazi Leiden, Uholanzi, mwaka 1964.

Mzee_Butere
Vijana nawasoma. Baba yangu alifanya kazi mgodi wa dhahabu wa Rosterman hapo Kakamega enzi za wakoloni, kabla haujafungwa 1952. Alikuwa akisema chini ni joto. Sasa hawa wanatafuta baridi, wanashukaje mgodini?

FundiBaridi
Mzee shikamoo. Baba alisema kweli. Pale SNOLAB mwamba wenyewe una nyuzi kama 42, hewa ya maabara lazima ipozwe muda wote. Hawakushuka kutafuta baridi, wameshuka kukimbia mvua ya chembe za kutoka angani. Hapo ulipokaa, kiganja chako kikiwa wazi kinapitwa na muoni moja hivi kila sekunde. Kilomita mbili za mwamba zinazipunguza hadi chini ya moja kwa kila mita ya mraba kwa siku nzima.

Ukishazikimbia za juu, unabaki na za chini. Mwamba una urani na thori, hewa ya mgodi ina radoni, vumbi lina vyote, na vyote vinatoa mionzi. Kila anayeingia anaoga na kubadili nguo kabla ya kukanyaga maabara. Hata ndizi ya Kisii haingeruhusiwa karibu na fuwele: potasiamu iliyo ndani ya ndizi moja inatoa miale kama mara 15 kila sekunde, wakati jaribio zima linategemea kuhesabu migongano michache kwa mwaka.

KijanaWaSection58
Ndizi ina mionzi?? Wueh. Na mama yangu amenilisha miaka yote hii.

Mwalimu_Lurambi
Tulia, mwili wako wenyewe una potasiamu hiyohiyo na unatoa miale maelfu kila sekunde, ule ndizi usile. Mwilini haina neno. Kwenye kigunduzi ni janga.

Kuna habari ya risasi (madini ya risasi, si ya bunduki) ambayo wanafunzi wangu huipenda. Risasi ni kinga nzuri, lakini ikiwa mpya inabeba risasi-210, ambayo nusu yake huoza kwa miaka 22. Kwa hiyo majaribio haya yanatafuta risasi kuukuu. CUORE, jaribio la baridi lililo chini ya mlima wa Gran Sasso huko Italia, linatafuta jambo tofauti kuhusu nyutrino, na kinga yake ya ndani imetengenezwa kwa risasi ya Warumi iliyoopolewa kwenye meli iliyozama karibu na Sardinia miaka elfu mbili iliyopita.

MkulimaMolo
Haya. Wameshuka, wameoga, wameopoa meli. Wamepata nini?

Mwalimu_Lurambi
Hapo panataka kusimuliwa taratibu. Kabla ya Kanada, CDMS, jaribio lililotangulia SuperCDMS, ilikuwa Marekani, ndani ya mgodi wa zamani wa chuma wa Soudan, Minnesota. Desemba 2009 walitangaza migongano miwili iliyofanana na ya maada giza. Uvumi ulikuwa umetangulia, kila mtu akingoja. Wenyewe wakasema: kelele za kawaida zingeweza kutupa mbili au zaidi kwa uwezekano wa asilimia 23. Hawakudai ugunduzi. Mwaka 2013 fuwele zao za silikoni zikatoa mitatu, yenye kuelekeza kwenye chembe yenye uzito kama wa protoni tisa. Vigunduzi vingine vikaangalia eneo hilohilo na havikuona kitu.

Nyar_Dunga
Niongeze namna wanavyochuja, kwa sababu bila hiyo watu watadhani wanabahatisha. Mwale wa gama au elektroni ukiingia unagonga elektroni za fuwele na kuacha chaji nyingi. Chembe inayogonga kiini inaacha chaji ndogo sana ikilinganishwa na mitetemo. Kwa hiyo wanapima vyote viwili kwa kila tukio na kutazama uwiano. CRESST, jaribio jingine la maada giza lililo Gran Sasso, wanatumia fuwele za kalisi na tungsteni zinazotoa mwanga, wanalinganisha mwanga na joto. Tatizo ni nyutroni: nayo inagonga kiini, na kwa macho ya kigunduzi inaweza kufanana kabisa na inayotafutwa.

FundiBaridi
Umeitaja CRESST, sasa wacha nifike nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Mwaka 2011 CRESST walitoa matukio 67 ambayo kelele walizozijua hazikutosha kuyaeleza. Ukisoma takwimu peke yake ungesherehekea. Lakini fuwele lazima ishikwe na kitu, na zao zilishikwa na vibanio vya shaba nyeusi. Juu ya vibanio kulikuwa na poloni-210, ambayo ikioza inarusha kiini cha risasi kuingia kwenye fuwele, na kiini hicho kinafanana mno na mgongano wa maada giza. Wakabadilisha namna ya kushika, wakapunguza kelele, na 2014 wakachapisha matokeo mapya: ile ishara haipo. Hawakusubiri mpinzani awasute, wameifuta wenyewe.

Na kisa cha kale zaidi ndicho kitamu. Hawahawa mwanzoni walitumia fuwele za safaya, zikashikwa na vigololi vidogo vilivyokazwa sana. Vigunduzi vikawa vinalia ovyo. Si mionzi, si umeme. Ilikuwa fuwele inapasuka! Nyufa ndogo mno pale kigololi kinapobana, kila ufa ukitoa nishati ambayo kigunduzi kinaisoma kama mgongano. Wakaondoa vigololi wakaweka vishikio vya plastiki vinavyolegea kidogo, kelele ikakoma. Halafu mtu akaketi na zile data zilizoharibika akaona mpangilio wake, nyufa ndogo nyingi na kubwa chache, unafuata kanuni ileile ya matetemeko ya ardhi. Wakachapisha makala kuhusu hilo peke yake.

Mimi naishi na vibanio, skrubu na mtetemo. Ukiniambia chombo cha kusaka siri ya ulimwengu kilishindwa kwa sababu fundi alikaza mno, naelewa kabisa.

KijanaWaSection58
Hii ya matetemeko imenimaliza. Sisi huku tumekaa juu ya Bonde la Ufa, nyumba ikicheza usiku tunasema ni lori limepita. Kumbe kuna mtu Italia alikuwa na Bonde la Ufa ndani ya fuwele.

Nyar_Dunga
Na usidhani limekwisha. Hata leo majaribio mengi ya baridi yanaona matukio yanayoongezeka kwa kasi kadiri unavyoshuka chini ya mamia machache ya elektroni-volti. Maabara tofauti, fuwele tofauti, na kila moja inaona wingi wake usiofanana na wa jirani. Ingekuwa maada giza ingepatana kote. Mengi ya matukio hayo hayatoi chaji, na katika vigunduzi vingine yanapungua kadiri siku zinavyopita tangu kupozwa, kisha yanarudi ukipasha na kupoza upya. Mshukiwa mkuu ni mkazo unaojiachia polepole ndani ya fuwele, kwenye utepe wa metali, au pale inaposhikwa. Imefikia hatua wapinzani wanakutana kwenye warsha za pamoja na kuwekeana data mezani.

MkulimaMolo
Kwa hiyo miaka zaidi ya thelathini, jibu ni "bado". Na pesa zinakwenda. Mimi nikipanda viazi misimu mitatu visiote nabadilisha shamba.

Nyar_Dunga
Na wamebadilisha shamba, mzee. Kwa chembe nzito, vigunduzi vya zenoni ya kimiminiko vimeshinda. LZ kule South Dakota ina tani 7 za zenoni inayofanya kazi, kwa baridi ya karibu nyuzi 100 tu chini ya sifuri, na 2024 ilifunga eneo kubwa ambalo zamani lilipewa matumaini. Fuwele za kilo moja haziwezi kushindana na tani. Zilipohamia ni kwenye chembe nyepesi, ambazo hazina nguvu ya kusukuma kiini cha zenoni vya kutosha. CRESST mwaka 2019, kwa fuwele ya gramu 24 tu, walisoma hadi elektroni-volti 30 na kutafuta chembe zenye uzito wa takriban sehemu moja ya sita ya protoni. Eneo hilo lilikuwa halijakanyagwa.

Kila "hapana" yao inafuta nadharia za watu kwa majina. Mimi kama mwanafunzi napenda hilo kuliko ugunduzi wa uongo.

MkulimaMolo
Sawa, hapo kuna akili. Sijakubali, lakini kuna akili.

Mzee_Butere
Rosterman ule basi si wangeutumia? Watoto wetu wapate kazi.

Mwalimu_Lurambi
Mzee, ningefurahi. Lakini mgodi uliofungwa hujaa maji na unahitaji lifti, umeme na hewa safi saa zote. SNOLAB wanapanda mgongo wa mgodi ulio hai, wanaolipia lifti ni wachimbaji. Wengine wanatumia handaki la barabara: Modane, kati ya Ufaransa na Italia, na Gran Sasso vilevile. Unaingia na gari.

Ila Afrika si mgeni katika hili. Februari 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Boksburg, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini, timu ya Frederick Reines na Friedel Sellschop ilinasa nyutrino ya kwanza isiyotoka kwenye mtambo wa binadamu. Wachimbaji weusi wa pale ndio waliochimba chumba chenyewe, na majina yao huyakuti kwenye vitabu. Siku hizi kuna pendekezo la maabara kando ya handaki la Huguenot, Paarl. Ikijengwa, mwanafunzi wa Maseno au Masinde Muliro hatahitaji kuvuka bahari.

KijanaWaSection58
Fundi swali la mwisho nilale. Hiyo heliamu-3, unainunua wapi? Nairobi kwenye maduka ya gesi?

FundiBaridi
Haha. Kwenye heliamu ya kawaida ya visimani ni chembechembe tu, huwezi kuitenga ukapata faida. Nyingi inayouzwa imetokana na tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, inayooza, nusu yake kila miaka 12 na kidogo. Na tritiamu ilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya mabomu ya nyuklia. Wanapoisafisha akiba yao wanaikuta heliamu-3 imekaa humo kama uchafu, wanaitoa na kuiuza. Baada ya 2001 Marekani iliitumia nyingi kwenye vigunduzi vya nyutroni mipakani, ikaadimika, bei ikapaa, na maabara za baridi zikalia. Tangu hapo hakuna anayeacha hata kidogo kivuje. Mimi gesi ya friji ikivuja nampigia mteja simu. Wao ikivuja wanaitisha mkutano.

MkulimaMolo
Yaani kitu cha bomu ndicho kinapoza fuwele ya kutafuta nyota? Haya, hapo mmenipata. Lakini barabara ya kwetu ingetangulia.